Lacha wa kazini: kinachomtenga mbwa hodari na mbwa mwenye mbio tu

Katika mashamba ya Uingereza na Ireland huonekana mbwa mwembamba, mrefu wa miguu, mwenye kifua kilichoshuka na kiuno kilichobanwa, asiye na cheti cha ukoo wala nafasi katika daftari la mbwa wa nasaba safi. Huitwa lacha. Kwa karne nyingi kazi yake imekuwa kumsaidia binadamu kuwinda sungura.

Karibu kila lacha ana mbio. Hata hivyo, walio hodari kazini ni wachache, na kinachowatenga na wenzao si kasi. Makala haya yanaeleza lacha ni mbwa gani, hufanya kazi vipi, ni sifa zipi humtofautisha aliye hodari na aliye wa kawaida, na kwa nini tofauti hiyo ina uzito kwa mwenye mbwa, kwa mkulima, kwa mnyama anayewindwa na kwa mbwa mwenyewe.

Chotara wa makusudi

Lacha si aina moja ya mbwa bali ni chotara anayezalishwa kwa makusudi. Upande mmoja wa nasaba yake ni mbwa wawindao kwa macho, yaani wale wanaomwona mnyama kwa mbali na kumfukuza kwa mbio: grehaundi, wipeti, saluki au dirhaundi wa Scotland. Upande wa pili, aghalabu, ni mbwa wa kazi nyingine: koli, ambaye ni mbwa wa kuchunga kondoo, au teria wa Bedlington, mbwa mdogo mkakamavu wa kaskazini mwa England. Kwa wa kwanza hutafutwa mbio. Kwa wa pili hutafutwa akili, utii, manyoya ya kuhimili baridi na ngozi isiyochanika upesi.

Kwa sababu hiyo hakuna kipimo kimoja cha umbo lake. Lacha wa wipeti na Bedlington anaweza kuwa chini ya sentimita 55 begani, ilhali mwenye damu ya dirhaundi akapita 70. Wengine wana manyoya mafupi yanayong'aa, wengine wana manyoya ya kusimama na ndevu kidevuni. Klabu kuu ya mbwa ya Uingereza haimwingizi katika orodha ya mbwa wa nasaba, na wenye lacha hawajaona hasara kubwa katika hilo. Thamani ya mbwa huyu imekuwa ikipimwa shambani.

Historia yake inafungamana na haki ya ardhi. Mwishoni mwa karne ya 14, enzi za Mfalme Richard wa Pili, Bunge la England lilimkataza raia ambaye ardhi yake haikufikia thamani ya shilingi 40 kwa mwaka kumiliki grehaundi au mbwa mwingine wa kuwindia. Uwindaji ukawa haki ya wenye mali. Mtu wa chini aliyehitaji nyama alikuwa na sababu ya kupenda mbwa ambaye kwa umbo angeweza kudhaniwa kuwa wa mchungaji, lakini kwa mbio akamkaribia grehaundi. Jina lake la Kiingereza lenyewe linahusishwa na kitenzi cha zamani chenye maana ya kunyemelea na kuvizia. Waroma na Wasafiri wa Ireland, jamii zilizoishi kwa kuhamahama, ni miongoni mwa watu waliomtunza na kumzalisha kizazi baada ya kizazi.

Msomaji mwenye jamaa Oman au katika nchi za Ghuba atamtambua mmoja wa mababu wa mbwa huyu. Saluki, mbwa wa mbio wa Waarabu wa jangwani, alipelekwa Uingereza na kuchanganywa na mbwa wa huko kwa ajili ya pumzi yake ndefu. Grehaundi huwaka na kuzima upesi. Saluki hukimbia kwa muda mrefu zaidi, na nyayo zake huhimili ardhi ngumu.

Kazi yenyewe

Windo kuu la lacha ni sungura wa mashimo, anayeishi kwa makundi katika mapango aliyoyachimba mwenyewe chini ya ardhi. Wanormani, walioiteka England mwaka 1066, ndio waliomstawisha huko kwa ajili ya nyama na ngozi yake. Baadaye alitoka katika maboma aliyofugiwa, akazaana na kuwa msumbufu wa mazao. Ugonjwa wa miksomatosi, uliofika Uingereza mwaka 1953, uliua sehemu kubwa ya sungura hao lakini haukuwamaliza. Sheria ya mwaka 1954 kuhusu wanyama waharibifu iliwawajibisha wenye ardhi, karibu kote England na Wales, kuwadhibiti sungura katika maeneo yao. Mkulima anayemruhusu mtu mwenye lacha kuingia shambani kwake hafanyi hisani tu; naye anapata msaada.

Yupo pia kitungule, sungura mkubwa wa nyika, asiyechimba shimo na mwenye mbio kubwa zaidi. Habari zake zimeelezwa katika sehemu ya sheria, kwani tofauti baina ya wanyama hawa wawili yaweza kuwa tofauti baina ya kazi halali na kosa la jinai.

Kuna njia tatu za kawaida za kumtumia lacha kwa sungura. Ya kwanza ni kutembea naye mchana kandokando ya nyua za vichaka zinazogawa mashamba, akinusa na kumfurusha sungura aliyejilaza nje ya shimo. Ya pili ni kufanya kazi pamoja na fereti, mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya kicheche, ambaye huingizwa shimoni ili awatoe sungura. Vinywa vya mashimo hutegwa nyavu ndogo, na lacha husimama nje akiwangoja wanaoponyoka. Ya tatu ni uwindaji wa usiku kwa kurunzi yenye mwanga mkali, hasa usiku wa giza na upepo, sungura wanapokuwa wametoka mbali na mashimo yao kula majani.

Njia hizi tatu zinamdai mbwa mambo yanayokinzana. Ya kwanza inataka pua na udadisi; ya pili inataka subira ya kusimama saa nzima bila kutikisika; ya tatu inataka mbio na utii wa papo hapo gizani. Mbwa wa kawaida hufaulu katika moja. Hodari hujua yupo katika kazi ipi.

Kwa nini mbio hazitoshi

Grehaundi aliyekomaa hukaribia kilomita 70 kwa saa. Sungura wa mashimo hafikii kasi hiyo hata kidogo. Kwa hesabu hiyo, kila lacha mwenye damu ya grehaundi angepaswa kumkamata kila sungura anayemwona. Haiwi hivyo, kwa kuwa sungura hashindani kwa mbio. Anashindana kwa umbali. Mara nyingi shimo lake liko hatua chache tu, na akikaribiwa hugeuka ghafla katika eneo lisilozidi upana wa meza. Mbwa mwenye kilo 30 anayekwenda kwa kasi kamili hawezi kugeuka hivyo. Hupitiliza, huteleza, huinuka, na sungura amekwisha zama. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hapo ndipo mbwa wawili wenye kasi sawa huanza kuachana. Wa kawaida hukimbilia pale sungura alipo. Hodari hukimbilia pale sungura atakapokuwa. Akiachiwa, kwanza hujiweka baina ya sungura na ua wa vichaka, hata kama kwa kufanya hivyo anapoteza hatua kadhaa. Akikaribia hupunguza mwendo kidogo na kukusanya miguu chini ya mwili, tayari kwa kona. Hunyoosha shingo mara moja tu, kwa wakati wake. Mtazamaji asiyejua atadhani mbwa huyo ni mzembe kuliko mwenzake. Mwisho wa usiku, hesabu ya sungura husema vingine.

Jambo hili laeleza pia kwa nini lacha na grehaundi hawawezi kupimwa kwa mizani moja. Katika mashindano ya zamani ya grehaundi kumfukuza kitungule, ambayo mashuhuri zaidi yalikuwa Waterloo Cup, yaliyofanyika Altcar kuanzia mwaka 1836 hadi 2005, alama zilitolewa kwa kasi na kwa kumgeuza mnyama. Mbwa aliyejizuia na kumwachia mwenzake kazi ngumu ili yeye avune mwishoni alihesabiwa kuwa na ila. Kwa lacha, werevu huo ndio sifa. Grehaundi alikimbia ili ahukumiwe. Lacha hukimbia ili chungu kisilale kitupu.

Pua, masikio na ukweli wa shimo

Sifa ya pili haionekani katika mbio kabisa. Kabla fereti hajaingizwa shimoni, mtu anahitaji kujua kama ndani mna sungura. Lacha hodari hupita juu ya mashimo polepole, akisimama katika moja, kichwa kimeinamishwa upande, sikio moja limetegwa, pengine mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Hapo anasema: wamo. Akipita bila kusimama, anasema: hawamo.

Mbwa wa kawaida husimama kwenye kila shimo lenye harufu, hata kama harufu hiyo ni ya jana. Gharama yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kutega nyavu katika kundi la mashimo huchukua muda mrefu, na wenye kazi wakitega mahali pasipo na kitu mara tatu asubuhi moja, siku imekwisha. Mbwa anayesema kweli kuhusu shimo humwokolea mtu wake saa nyingi kuliko mbwa anayemzidi mwenzake kwa mbio.

Ukweli huo hauji kwa siku moja. Mbwa hujifunza kwa kuona matokeo: alisimama, fereti akaingia, sungura akatoka. Mwenye mbwa asiye na subira, anayepuuza ishara ya mbwa na kutega pale apendapo yeye, humfundisha kwamba ishara zake hazina maana. Baada ya msimu mmoja mbwa huyo huacha kusema.

Anamkamatia nani?

Sifa ya tatu wengi huitanguliza mbele ya zote. Mbwa akishamkamata sungura, anafanya nini?

Lacha hodari humleta. Humshika kwa mdomo laini, bila kumtafuna, hurudi moja kwa moja na kumkabidhi mkononi, mara nyingi akiwa bado hai, ili mtu amuue haraka na kwa ustadi. Mbwa wa kawaida husimama palepale juu ya windo akingoja kufuatwa, au huzunguka nalo kwa mbali, au hulibana hata mbavu zikavunjika na nyama kuharibika. Usiku, mbwa anayesimama na windo mita 200 gizani humlazimu mtu kutembea kumfuata, akiwatawanya sungura wote waliobaki malishoni. Aliyevunjavunja windo huleta kitu ambacho mwenye bucha hatakinunua.

Fikra hii si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili aliyekulia katika mila za Kiislamu. Ruhusa ya kula mawindo ya mnyama aliyefunzwa imetajwa katika Qurani, sura ya Al-Maida, aya ya 4, na wanazuoni wa fiqhi walipoifafanua walitaja alama za mbwa aliyefunzwa: akitumwa huenda, akizuiwa huacha, na akikamata humkamatia bwana wake bila kula. Mfugaji wa lacha huko Yorkshire ambaye hajapata kusikia habari za fiqhi angetaja alama zizo hizo tatu. Swali ni lile lile kotekote: mbwa anajiwindia mwenyewe, au anamwindia aliyemtuma?

Hapa pia ndipo ilipo haki ya mnyama anayewindwa. Mbwa mwenye uamuzi mzuri na mdomo laini humaliza jambo kwa muda mfupi. Mbwa asiyefunzwa hurefusha mbio zisizo na matumaini, hujeruhi bila kukamata, na kumwacha sungura akafie shimoni.

Kimya, kondoo na jina la mwenye mbwa

Zipo sifa nyingine ambazo hutambulika zaidi zinapokosekana. Ya kwanza ni kimya. Lacha hapaswi kubweka wala kulia anapokimbiza. Anayepiga kelele huwaamsha sungura wa shamba zima na kupoteza pumzi anayoihitaji. Kelele hiyo mara nyingi huanza kwa mbwa mchanga aliyeachiwa mapema mno kumfukuza mnyama asiyeweza kumpata. Akishaizoea, ni shida kumwachisha.

Ya pili, iliyo nzito kuliko zote, ni utulivu mbele ya mifugo. Mashamba ya Uingereza na Ireland yamejaa kondoo, na katika giza la kurunzi macho ya kondoo hung'aa kama ya mnyama mwingine yeyote. Lacha hodari hupita katikati ya kundi kana kwamba kondoo ni mawe. Huvuka uzio kwa amri, hasogelei kuku wa mkulima, hamgusi fereti anapochomoza shimoni, na akiitwa katikati ya mbio huvunja mbio na kurudi.

Katika jambo hili hakuna nafasi ya kuwa wa kawaida. Mbwa anayekamata sungura 7 katika 10 na kumfukuza kondoo mara moja tu kwa mwaka si mbwa mzuri mwenye ila ndogo. Ni mbwa asiyefaa kuachiwa. Kondoo mwenye mimba aweza kuharibu mimba kwa hofu tu, bila kuumwa. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1953 ya kuwakinga mifugo dhidi ya mbwa inamtia hatiani mwenye mbwa anayewasumbua. Katika England na Wales, sheria ya wanyama ya mwaka 1971 inampa mkulima utetezi mahakamani akimpiga risasi mbwa kama huyo kwa kuwalinda mifugo wake, kwa masharti maalumu, likiwamo la kutoa taarifa polisi ndani ya saa 48. Na hata pasipokuwa na risasi wala mahakama, ruhusa ya kuingia shambani hufutwa jioni hiyo hiyo, na habari huwafikia majirani kabla ya mapambazuko.

Mwili na moyo

Mwili wa lacha ni chombo chepesi kinachoendeshwa kwa nguvu nyingi, na chombo cha namna hiyo huvunjika. Ngozi ya mbwa wa mbio ni nyembamba, na seng'enge huichana kama karatasi. Vidole vya miguu huteguka, nyayo hukatika kwa mawe, misuli huharibika mbwa akikimbizwa kupita kiasi bila kupoa. Kwa hiyo wajuzi hutazama nyayo kabla ya kutazama uso: vidole vilivyoshikana, nyayo nene, viungo vya mbele vilivyo imara. Damu ya koli au Bedlington husaidia hapa, na ndiyo sababu ya kwanza ya kumchanganya grehaundi.

Moyo nao una maana mbili. Ya kwanza ni ile ya kiungo kinachosukuma damu. Ya pili ni ile hali ya mbwa kukosa mara tatu mfululizo kisha kwenda mara ya nne kwa nia ile ile. Mbwa wa kawaida akikosa hukata tamaa, au huanza kukimbia nusunusu. Hodari akikosa hurudi, hutulia kando ya mguu wa mtu, na kuinua kichwa.

Lakini moyo mkubwa ni hatari katika mikono ya mtu asiye na kiasi. Mbwa wa namna hii hatasema kwamba amechoka. Ataendelea mpaka misuli imtoke nguvu. Kumjua mbwa aliyechoka kabla hajaanguka ni kazi ya mtu, na mbwa wengi waliokwisha wakiwa na miaka 4 walimalizwa na usiku mmoja uliozidi kipimo.

Malezi

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Sehemu kubwa ya sifa zilizotajwa huwekwa katika mwaka wa kwanza, kabla mbwa hajaona windo hata moja. Mtoto wa mbwa huzungushwa kati ya kondoo, kuku na paka akiwa katika kamba, mpaka wasimshughulishe tena. Hufunzwa jina lake na filimbi. Hurushiwa kitambaa kilichokunjwa ndani ya ujia mwembamba wa nyumba, mahali ambapo hana njia ila kurudi nacho kwa aliyekirusha. Akileta kiatu cha mwenye nyumba, hapigiwi kelele. Husifiwa, na kiatu huchukuliwa taratibu. Anayegombezwa kwa kuleta hujifunza kutoleta.

Mbio za kasi kamili hungoja mifupa ikomae, kwa kawaida baada ya mwaka 1, na kwa mbwa wakubwa huwa zaidi ya hapo. Sungura wake wa kwanza huchaguliwa kwa uangalifu, ili mbwa afaulu. Haachiwi pamoja na mbwa mwenye tabia mbovu, kwa kuwa ubaya huambukiza haraka kuliko wema. Wala hapewi kurunzi peke yake msimu mzima: mbwa anayeonyeshwa kila windo kwa mwanga huacha kutumia pua, na baadaye mchana huonekana kama kipofu.

Kutokana na hayo ni wazi kwamba nasaba hutoa uwezo tu. Ndugu wawili wa tumbo moja, wenye mbio sawa, wanaweza kuishia mmoja hodari na mwingine asiyefaa, na tofauti yao ikawa ni mikono waliyoangukia.

Mipaka ya sheria

Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005 katika England na Wales, ilipiga marufuku kuwinda wanyama pori kwa mbwa, ila kwa masharti maalumu. Miongoni mwa yaliyoruhusiwa ni uwindaji wa panya na wa sungura wa mashimo, mradi mwindaji awe katika ardhi yake au awe na ruhusa ya mwenye ardhi. Kitungule hafukuzwi kwa mbwa. Mbwa anaruhusiwa kumleta aliyekwisha pigwa risasi. Scotland ina sheria zake, na ile ya mwaka 2023 imebana zaidi. Ireland ya Kaskazini ilipiga marufuku mashindano ya kumfukuza kitungule kwa sheria ya mwaka 2011. Katika Jamhuri ya Ireland mashindano hayo bado yapo kwa leseni, lakini tangu mwaka 1993 grehaundi hukimbia wakiwa wamefungwa midomo.

Uwindaji haramu wa kitungule umewachafulia jina lacha na wamiliki wao. Baada ya mavuno, mashamba yanapobaki wazi, makundi ya watu huingia kwa magari bila ruhusa, huharibu mazao na uzio, na kuwatisha wakulima. Sheria ya mwaka 2022 iliongeza adhabu katika England na Wales: faini isiyo na kikomo na kifungo cha hadi miezi 6, pamoja na uwezo wa mahakama kumnyima mkosaji haki ya kumiliki mbwa na kumtoza gharama za kutunza mbwa waliokamatwa. Katika mashamba hayo mbwa hana hatia. Ametumwa, naye amekwenda.

Namna ya kumpima

Anayetaka kumjua lacha hodari asisikilize hadithi za idadi ya sungura. Akitazame kazini kitu ambacho wauzaji hawakitaji: mbwa anafanya nini wakati hakuna kinachotokea. Je, husimama kimya karibu na nyavu, au hulia na kuvuta kamba? Akikosa, hurudi mara moja au hutangatanga? Akipita kondoo, shingo yake hugeuka? Akikamata, macho yake humtafuta nani? Wazazi wake waliwahi kufanya kazi, na je, wanaweza kuonekana wakiifanya? Majibu ya maswali haya hupatikana katika asubuhi moja, wala hayahitaji saa ya kupimia mbio.

Walioshindwa kazini

Katika vituo vya kuhifadhi mbwa vya Uingereza na Ireland, lacha ni miongoni mwa mbwa wanaopatikana kwa wingi. Baadhi walitupwa mwisho wa msimu kwa kuwa hawakukamata vya kutosha, wengine kwa kuumia. Ila walizotupwa kwa ajili yake mara nyingi ni zile zilizoelezwa hapo juu: kubweka, kutoleta, kukata tamaa. Nyingi kati ya hizo mbwa hakuzaliwa nazo.

Kwa familia inayofikiria kumchukua mmoja, habari njema ni kwamba lacha wa kawaida kazini huweza kuwa mbwa mwema sana nyumbani. Ni mpole, si mwenye kelele, na akipata matembezi yake hulala sehemu kubwa ya siku. Masharti ni machache lakini hayana mjadala: asiachiwe kamba karibu na mifugo au paka wa jirani, ua uwe mrefu kwa kuwa ni mrukaji, na awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, ambayo sheria imeilazimisha Uingereza na Ireland tangu mwaka 2016. Baridi humwingia upesi, hivyo koti la mbwa si mapambo.

Mbio zake hazitamtoka. Atakapomwona sungura upande wa pili wa bustani, mwili mzima utakaza kama upinde. Ikiwa katika umri wake mdogo yuko mtu aliyempa sababu ya kugeuza kichwa anapoitwa, atakigeuza. Ikiwa hakuwapo, kamba ndiyo itakayomlinda yeye na kondoo wa watu.